Ndoo ya Kijani, Isihamishwe

Katika daftari la kikundi, ndoo ya Chokaa ni kitu namba kumi na saba. Imeandikwa hivi: Ndoo ya plastiki, kijani, moja. Mahali: ukumbi wa juu, chini ya tone. Hali: mdomo umepasuka. Maelekezo: isihamishwe. Tone lenyewe ni namba kumi na sita. Lilitangulia kwa sababu wakaguzi walilisikia kabla hawajaiona ndoo, na kanuni inasema vitu viandikwe kwa mpangilio wa kukutwa.

Asiyemjua Chokaa angedhani ni mzaha. Maneno hayo aliyaandika yeye mwenyewe, kwa mwandiko wake wa kuinama kidogo kulia, na kwa miaka miwili ndoo haikuhama hata upana wa kidole.

Jina la Chokaa alipewa na mtaa kwa sababu ya kazi yake. Alikuwa bado kijana mjomba wake alipomfundisha kuchoma mawe tanurini, kuyazima kwa maji, kuiacha chokaa ilale shimoni mpaka ilainike kama siagi, halafu kuipaka ukutani kwa tabaka nyembamba, moja leo, nyingine wiki ijayo. Mjomba alikuwa mtu wa maneno machache. Alichukua kiganja cha mpwa wake, akakibandika kwenye ukuta uliokwisha kukauka, akasema, "Unapumua. Usiuzibe pumzi." Tangu hapo Chokaa hakuweza kupita karibu na ukuta wa zamani bila kuugusa. Alichelewa kazini kwa sababu ya kuta. Kuna picha ya harusi yake ambayo amesimama mkono mmoja kwenye bega la bibi harusi na mwingine kwenye nguzo, na ukiitazama vizuri utaona nguzo ndiyo iliyoshikwa kwa upole zaidi.

Kisha ikaja saruji. Saruji ilikauka kwa siku moja na watu walikuwa na haraka. Chokaa alimlea binti yake wa pekee kwa saruji, miaka ishirini na kitu, akipiga lipu kama mtu anayefunika uso wa ndugu yake kwa shuka. Hakulalamika. Alirudi nyumbani jioni, akanawa, akakaa ukumbini kwenye nyumba ile ya ghorofa moja aliyoachiwa na mjomba, akaegemeza kichwa ukutani, akanyamaza. Mkewe alizoea kuongea na upande mmoja wa uso wake. Upande wa pili ulikuwa wa ukuta.

Kilichombadilisha ni jengo la tiketi kwenye stesheni. Lilikuwa na madirisha marefu kama watu waliosimama foleni, na dari la juu sana kiasi kwamba sauti ya mtu ilikuwa ikimrudia imekomaa. Lipu ya ndani ilikuwa kazi ya mjomba. Siku moja wenye mamlaka wakaamua kulikarabati. Wakabandika vigae vya bafuni kuanzia chini hadi kifuani, wakapaka milango rangi ya buluu, na juu ya chokaa ya mjomba wakapiga saruji. Ukuta ukazibwa pumzi. Ulivimba, ukatoa jasho, na baada ya misimu miwili ya mvua ukalala chini wenyewe, Jumapili mchana, hakuna mtu ndani.

Watu watatu walikuja kutazama kifusi wakakaa mpaka wengine wote wameondoka. Wa kwanza alikuwa Mwalimu, mama mmoja mstaafu aliyefundisha jiografia na ambaye bado alitembea kama mtu anayeongoza darasa kuvuka barabara. Wa pili alikuwa fundi saa, mwembamba, mpole, ambaye kila Jumatatu kwa miaka mingi alipanda ngazi kuitia ufunguo saa kubwa ya jengo lile. Alikuwa ameshika mshale mmoja wa dakika. Wa tatu alikuwa Chokaa. Hapo hapo, vumbi likiwa bado halijatua, wakaunda kikundi cha kutunza majengo ya kale.

Mtaa haukuchelewa kuwapa jina. Waliwaita Msiguse, maana hilo ndilo lililokuwa neno la kwanza kuwatoka kila walipoingia mahali. Kanuni ya kwanza aliitunga Chokaa: kitu kiachwe kama kilivyokutwa. Kanuni ya pili aliitunga fundi saa: andika kila kitu, usichague. Hiyo nayo ilikuwa na sababu. Katika nyumba yao ya kwanza walipuuza kuandika msumari mmoja uliopinda nyuma ya dirisha. Mwenye nyumba akaung'oa kwa kuwa ulikuwa mbaya machoni, na kumbe ndio uliokuwa umeshikilia ubao, na ubao ndio ulioshikilia fremu, na dirisha zima likashuka barabarani likaketi kwenye mkokoteni wa muuza vitunguu. Tangu siku ile hawakuacha kuandika hata kipande cha uzi.

Wala hawakuwa wajinga. Kila Jumamosi walikwenda kufanya kazi kwa mikono yao, bila malipo, kwenye nyumba za watu. Wanachama wakafika kumi na mmoja. Baraza la zahanati ya zamani linasimama leo kwa sababu yao. Kuna majengo saba mjini ambayo yasingekuwepo, na ukipita ukaweka kiganja ukutani, yanapumua.

Nyumba ya Chokaa mwenyewe ilikuwa ya nane.

Bati la juu ya ukumbi lilikuwa limetoboka mwaka mmoja kabla ya hapo. Mkewe ndiye aliyelisikia tone la kwanza, na ndiye aliyeleta ndoo.

"Baba watoto, bati linavuja."

"Nimeliona. Wiki ijayo."

"Wiki ijayo uko kwenye zahanati."

"Basi ile ya baada yake."

Bati jipya alilileta kweli. Alilibeba begani kutoka dukani, akaliegemeza nyuma ya mlango wa mbele, na hapo likakaa. Jumamosi zilikuwa za kuta za watu wengine, na Jumapili mgongo ulimuuma. Mkewe alilipangusa vumbi bati lile kila alipofagia, kama anavyopangusa kabati.

Siku ya kusajili nyumba mvua ilikuwa inanyesha. Mwalimu aliingia akaanzia mkono wa kushoto, kama desturi yao, akitaja kila alichokiona kwa ile sauti ya kutaja mito na milima. Fundi saa alipima kwa tepu. Chokaa, kwa kuwa mwandiko wake ndio uliosomeka, aliandika.

"Mlango wa mbao, bawaba nne, moja imelegea."

"Nimeandika."

"Bati jipya, moja, limeegemea ukuta."

Kalamu ilisimama. "Hilo ni la kazi," Chokaa alisema. "Nataka kuzibia paa."

"Kanuni ya pili," fundi saa alisema, macho kwenye tepu.

Chokaa akaandika. Namba nne. Maelekezo: lisihamishwe.

Wakapanda ngazi, vidato kumi na viwili vya mbao ngumu, ngazi isiyo na mahali pa kushikia. Juu wakalisikia tone, wakaiona ndoo. Fundi saa alitoa saa yake ya mfukoni akahesabu, akasema matone thelathini na nane kwa dakika, na Chokaa akaandika na hilo. Waliposhuka, ngazini palikuwa na mtu ambaye hakuwepo wakati wa kupanda.

"Kidato cha tatu," Mwalimu alitaja, "mwanamke, mmoja, anamenya viazi."

Mwalimu alikuwa amesema kwa mazoea tu, lakini lilikwisha kutoka.

"Na shemeji naye?" fundi saa aliuliza.

"Usichague," Chokaa alisema, kichwa chote kikiwa daftarini. Akaandika namba ishirini na tatu, akajaza safu mbili za mwisho, ya hali na ya maelekezo, ambazo zilikuwa kazi ya mwandishi.

"Nami nitabandikwa kibao?" mkewe aliuliza, kisu mkononi.

Wakacheka, wakampita mmoja mmoja, wakiruka beseni la maganda.

Wageni walipoondoka, kibao cha shaba cha kikundi kikiwa kimeshapigwa mlangoni, mkewe alimwambia, "Haya, umemaliza kuandika. Bati lile pale, mvua imekatika. Panda."

Chokaa alimtazama kama mtu aliyeamshwa. "Sasa haiwezekani tena."

"Kwa nini?"

"Lipo kwenye daftari."

"Nini, bati?"

"Bati. Na tone."

Mkewe alikaa chini polepole. "Yaani uvujaji umesajiliwa?"

"Kama ulivyokutwa," alisema Chokaa, na kwa kweli alikuwa na huzuni, maana aliyajua mabati na alijua tundu haliponi.

Ndoo ikaanza kuleta maswali. Ilipojaa mara ya kwanza, mkewe aliishika mpini aimwage, na Chokaa akatoka mbio chumbani. Kumwaga ndoo ni kuihamisha au siyo? Kikundi kilikaa vikao viwili kwa swali hilo. Mwalimu alifananisha na mto, kwamba maji huenda na mto ukabaki. Mwisho wakapitisha kwamba maji yachotwe kwa kikombe, yatiwe kwenye ndoo ya pili, na hiyo ya pili, kwa kuwa haikusajiliwa, iko huru kutembea. Aliyechota ni mkewe. Aliyeteremka na ndoo ya pili vidato kumi na viwili, siku za mvua mara tatu, mara nne, ni yeye pia, maana Chokaa alikuwa zahanati.

Ukaguzi ulifanywa siku za mvua tu, ili tone likaguliwe. Fundi saa alifika na mwavuli, akavua viatu, akapiga goti mbele ya ndoo, akashika saa.

"Arobaini na moja kwa dakika," alisema siku moja, uso umebadilika. "Mwezi uliopita yalikuwa thelathini na tisa. Shemeji, kuna mtu amegusa?"

"Mungu amegusa," mkewe Chokaa alijibu kutoka jikoni. "Mwandikie barua."

Mwaka wa pili wa usajili, akiwa na ndoo ya pili mkononi, aliteleza kwenye kidato cha nne. Hakuvunjika. Goti la kushoto lilivimba kama nazi, na siku tatu hakuweza kulikunja. Siku ya nne alimwita mumewe akamkalisha.

"Sitaki mengi," alisema. "Bati nimeshasahau. Nipigilie ubao wa kushikia hapa ngazini, nikipanda nijishike."

"Ukutani?" Chokaa alisema. "Tutoboe ukuta?"

Alilisikia neno lake mwenyewe likiwa bado kinywani, lakini lilikuwa limeshatoka. Mkewe hakupandisha sauti. Alimtazama mume wake, akautazama ukuta aliokuwa ameuegemea, tena akamtazama mume. Kesho yake asubuhi alikunja nguo zake akazitia kwenye sanduku.

"Naenda kwa binti yako," alisema mlangoni. "Kule bati halina historia."

Chokaa aliamini atarudi baada ya siku mbili. Zikawa kumi, zikawa ishirini. Mvua ikanyesha, na kwa mara ya kwanza alichota maji mwenyewe. Vikombe ishirini na vinne kujaza ndoo ya pili. Alishuka nayo, akapanda, akashuka. Safari ya tatu alijikuta mkono wake wa kulia unapapasa ukuta, lakini safari hii hakuwa anausikiliza, alikuwa anatafuta mahali pa kujishika, na hapakuwepo. Ukuta laini wa mjomba, uliosuguliwa mpaka ukawa kama ganda la yai, haukuwa na hata pa kushikia kidole. Alikaa kidato cha tatu akapumzika. Kutoka pale aligundua kwamba mtu anaona mlango wa mbele, bati nyuma ya mlango, na hakuna kingine.

Alikwenda kwa binti yake mara mbili. Mara zote mkewe alimpa chai, akamuuliza hali ya mgongo, akauliza, "Umepanda?" Alipojibu bado, mkewe alirudi kwenye mazungumzo mengine, na Chokaa akajua kikombe kikiisha hana sababu ya kuendelea kukaa. Mara ya pili binti alimsindikiza hadi barabarani.

"Baba, mama ameanza kuuliza kama chumba kile cha uani kinaweza kupakwa rangi."

"Rangi gani?"

"Baba! Hujasikia nilichosema?"

Alikuwa amesikia. Mtu anayepaka chumba rangi hana nia ya kuondoka.

Siku ya ukaguzi ilipofika, wakaja Mwalimu na fundi saa. Wakapita mlango, bati, ngazi. Wakapanda, wakahesabu tone. Waliposhuka, fundi saa alisimama kidato cha tano na daftari, akatazama chini, akapindua ukurasa, akatazama tena.

"Namba ishirini na tatu iko wapi?"

Chokaa alikohoa. "Imekwenda kwa binti."

"Kwa idhini ya nani?"

"Yake mwenyewe."

"Tangu lini?"

"Siku ishirini na sita."

Fundi saa alikaa chini kwenye kidato, kama mtu aliyepewa habari za msiba. Hawakuwa wamewahi kupoteza kitu. Majengo manane, vitu elfu mbili mia tatu na vichache, na hakuna hata kitasa kilichotoweka.

"Kanuni ya tano," Mwalimu alisema taratibu. "Kilichopotea kitafutwe, kirudishwe mahali pake. Tunakwenda. Leo hii. Chokaa, chukua koti."

Binti yao alikuwa mshona nguo, na sebule yake ilikuwa nusu makochi, nusu cherehani. Alifungua mlango akawaona wamejipanga.

"Karibuni. Kuna nani amekufa?"

"Tumekuja kwa jambo rasmi," fundi saa alisema.

Mkewe Chokaa alikuwa kwenye kochi, mguu wa kushoto juu ya kigoda. Mwalimu aliketi mbele yake, akaunganisha vidole.

"Mama, tumekuja kuhusu namba ishirini na tatu."

"Ndiyo nani huyo?"

"Ni wewe."

Binti aligeukia cherehani yake haraka. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

"Ahaa," mkewe Chokaa alisema. "Basi namba ishirini na tatu inawasalimu, na inasema hairudi mpaka paa lizibwe na ngazi ipate ubao wa kushikia."

"Shemeji," fundi saa alisema kwa upole wa kweli, "paa likizibwa, tone litakufa. Nalo ni namba kumi na sita. Linakutangulia."

"Linanitangulia kwa lipi?"

"Lilikutwa kwanza."

"Na nani? Mimi ndiye niliyelikuta! Ninyi mlikuwa mnabembeleza mabaraza ya watu." Alijiinua kidogo. "Tone lina miaka mitatu. Mimi nina miaka thelathini na nne katika nyumba ile. Kama mnatunza vya kale, hebu niambieni, nani wa kale hapa?"

Mwalimu aliitikia kwa kichwa polepole, kama alivyokuwa akifanya zamani mwanafunzi wa nyuma alipotoa jibu.

"Hiyo ni hoja. Hatujawahi kupata vitu viwili vilivyosajiliwa ambavyo haviwezi kukaa pamoja. Itabidi tupige kura. Lakini akidi yetu ni watu saba."

"Wapigie simu," fundi saa alisema. "Ila lazima tone nalo lipate mtu wa kulisemea. Haki ni haki."

"Nani atalisemea?"

"Mimi."

"Kabla hamjapiga hiyo kura," mkewe Chokaa alisema, "nipeni hilo daftari."

Alivaa miwani. Alifungua akaanza kusoma tangu namba moja, bila haraka, kidole kikishuka ukurasani. Chokaa alikuwa ameketi karibu na mlango. Kiganja chake kilikuwa ukutani kwa mazoea. Ukuta wa binti yake ulikuwa wa saruji, baridi, hausemi kitu.

Kidole kilisimama.

"'Hali: nzuri,'" alisoma. "'Maelekezo: asibadilishwe.' Huu ni mwandiko wako."

"Wangu," Chokaa alisema.

"Uliandika hali nzuri. Ulinitazama?"

Alitaka kusema ndiyo. Alijaribu kuikumbuka sura yake siku ile pale ngazini, na alichokipata ni beseni, maganda, na mchubuko mdogo upande wa chini wa kidato.

"Siku ile nilikuwa na homa," mkewe alisema. "Nilikaa kidato cha tatu kwa sababu cha nne kilinishinda. Nilikuwa natetemeka, kisu kilikuwa kinanichezea mkononi. Mmenipita wote, mmecheka. Ona hapa: ndoo, mdomo umepasuka. Bawaba, moja imelegea. Kidato, kimechubuka. Vyote mmevitazama vizuri kweli, siwezi kusema uongo. Mimi: nzuri."

Alilifunga daftari akampa Mwalimu, akavua miwani.

Kisha fundi saa, ambaye kimya kilimtesa kuliko kelele, akauliza kwa sauti ndogo kama kura ya simu inahesabika au mpaka mtu aonekane. Mwalimu akasema inategemea. Wakaanza kupekua kanuni. Zilipita dakika kama kumi kabla binti hajainua kichwa kwenye kitambaa.

"Samahanini," alisema. "Kuna kitu kingine kimepotea."

Kiti cha karibu na mlango kilikuwa kitupu.

Chokaa alikuwa ameshafika nyumbani. Alisimama mbele ya bati namba nne. Alipoliondoa, ukutani palibaki umbo lake, jeupe, safi, kama mahali palipokuwa na dirisha. Alisimama na bati mikononi, na kwa kitambo aliona tena stesheni, vigae vya bafuni, vumbi lile. Aliogopa. Alijiuliza kama hivi ndivyo walivyoanza wale, kwa bati moja tu, kwa nia njema. Lakini wale hawakuwa wameweka kiganja ukutani hata mara moja kabla ya kuufunika. Aliliwaza hilo, akachukua nyundo, akapanda.

Mvua, iliyokuwa imekatika, ilianza tena akiwa ameshang'oa bati bovu. Teksi ilipofika chini, alikuwa amepiga magoti juu ya paa, shati limeganda mgongoni, misumari mitatu mdomoni.

"Chokaa!" Mwalimu aliita kutoka barabarani, mikono imezunguka mdomo. "Shuka! Bado hatujapiga kura!"

Alitema misumari kiganjani. "Pigeni! Mimi napiga misumari!"

"Ni kanuni yako!" fundi saa alilia. "Kanuni ya kwanza uliitunga mwenyewe!"

"Ndiyo maana najua ilikosewa wapi!"

Majirani walikuwa wameshatoka. Mmoja alipiga kelele, "Msiguse wanagusa leo!" na mtaa mzima ukacheka. Mkewe alishuka kwenye teksi mwisho, akimshika binti yake begani. Hakucheka wala hakuita. Alisimama kwenye mvua, akainua uso, akamtazama mtu mzima wa miaka sitini na tatu aliyekuwa akitambaa juu ya paa lenye utelezi, na alipoona mguu wake mmoja umeteleza, mkono wake ulikaza bega la binti mpaka binti akasema, "Mama, unaniumiza."

Chokaa aliposhuka, maji yakimtiririka, hakusalimia mtu. Alipita akaleta ubao mrefu mgumu uliobaki kwenye kazi ya zahanati, na penseli. Akasimama chini ya ngazi.

"Njoo," alimwambia mkewe. "Mkono wako unafika wapi?"

"Hapa."

"Sio hapo. Usiinue kwa ajili yangu. Panda kama unavyopanda."

Mkewe alipanda kidato kimoja, cha pili, goti likigoma. Mkono wake ukatafuta. Pale ulipotafuta Chokaa aliweka alama ya penseli, chini ya kiganja chake. Cha tatu, alama. Cha nne, alama. Alama zilipanda ukutani zikiwa haziko sawa, nyingine juu, nyingine chini, kama mwendo wa mtu. Kisha akachukua kekee yake ya mkono, akaweka ncha kwenye chokaa ya mjomba, na kabla hajazungusha alifumba macho. Vumbi jeupe lilimwagika kwenye vidole vyake vya miguu. Lilinuka kama ujana wake. Ukuta ukatoboka kama kitu kingine chochote kinavyotoboka, ukabaki umesimama.

Huko juu fundi saa alikuwa amepiga goti mbele ya ndoo, saa mkononi. Mvua ilikuwa kubwa sasa, inapiga paa lote. Alisubiri dakika nzima, akasubiri nyingine. Alishuka akiwa na macho mekundu.

"Namba kumi na sita," alisema, akiandika, "haikukutwa."

Mkewe Chokaa alimhurumia. "Shemeji, ndoo nitakuachia pale pale. Siihamishi."

"Bila tone?"

"Nitatilia maganda."

Fundi saa aliwaza hilo kwa uzito wote, akasema itabidi liende kwenye kikao.

Mkewe aliketi kidato cha tatu, mkono ukiwa umeshika ubao mpya, akiutikisa kuona kama umekaza. Ulikuwa umekaza. Mwalimu alifungua daftari kuirudisha namba ishirini na tatu mahali pake, na kalamu ikiwa hewani mkewe Chokaa alimzuia.

"Kwanza huyu," alisema, akimwonyesha mumewe. "Mmeandika mpaka tone. Fundi mwenyewe hayupo humo."

Mwalimu alipekua kurasa. Ilikuwa kweli. Aliyeshika kalamu siku ile hakuwa ametajwa na mtu.

"Kanuni ya pili," fundi saa alinong'ona, kwa mshtuko.

"Nipe mimi niandike," mkewe alisema. Akavaa miwani. Chokaa alikuwa amesimama chini ya ngazi, nywele zimelala kichwani, vumbi la chokaa limegeuka uji miguuni, anatetemeka kidogo. Mkewe hakuandika upesi. Alimtazama tangu kichwani, akashuka polepole, kama wanavyoanzia mkono wa kushoto kwenye chumba kigeni, mpaka Chokaa akaanza kuona haya asijue mikono aiweke wapi, na kwa mara hiyo moja hakuiweka ukutani.

Kisha akaandika, na Mwalimu akasoma kwa sauti juu ya bega lake:

"Fundi, mmoja, mzee. Mahali: nyumbani. Hali: amelowa. Maelekezo: akaushwe."